Viatu vya Bi Odessa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana huku ukimwamkia mkubwa anakujibu kama mmezaliwa siku moja. Goti lako linaendeleaje? Na maharage ya hapo Runazi, mvua imeyaonea huruma au imeyapita? Mimi ni mzima, nagombana na baridi tu.

Najua macho yako hayapatani tena na herufi ndogo, na anayekusomea ni Aneth wangu. Aneth, soma polepole, usiruke neno, hata utakapokutana na jina lako.

Mama, tangu tuongee kwenye simu nina jambo moja kichwani. Ulisema mtendaji wa kijiji kule Kanazi amekushauri kuhusu shamba la marehemu mume wangu: kwanza uende ukalidai kwa kaka yake aliyelitwaa, mbele ya mashahidi, na akikataa ndipo upeleke shauri barazani. Ukanung'unika, "Niende kufanya nini, na jibu ninalijua?" Kisha ukasema basi, utakwenda na katekista, na utamchukua Aneth, kwa kuwa shamba ni la baba yake. Ila tusimwambie ukweli. Tumwambie anakwenda kumsalimia baba yake mkubwa. Nikakujibu nitafikiri.

Sasa sikia. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi namhudumia Bi Odessa, mama mweusi wa huku huku kusini mwa Marekani, umri wake umepita themanini. Kila asubuhi nikimvalisha viatu, nikishika tu kitambaa nivifute vumbi, anauvuta mguu. Wewe unanijua, hukuniita polisi bure. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema, "Umechelewa kuuliza."

Alipokuwa mtoto, sheria za kwao ziliwatenga weusi na weupe, hata shuleni. Shule ya weupe ilikuwa ya matofali, jirani na kwao. Yake ilikuwa mbali, na paa lilivuja. Wazazi wakakutana kanisani wakamwita mwanasheria, wakampigia makofi mengi. Lakini alipouliza nani atatoa jina la mtoto wake liandikwe kwenye kesi, kila mtu akaangalia sakafu. Baba yake Odessa ndiye aliyenyoosha mkono.

Mimi nikadhani hapo walikwenda mahakamani. Kumbe bado! Ilibidi mtoto apelekwe kwanza akaombe nafasi, akataliwe, na shahidi awepo. Mama, nilijikuta nimeketi kitandani kwake bila kukaribishwa. Nilidhani mambo haya ni ya Kanazi peke yake.

Basi baba yake akamnunulia viatu vipya, akamwambia, "Leo unaanza shule mpya." Mchungaji akafuatana nao. Mlangoni mwalimu mkuu akasema hapana, watoto wa rangi yao hawasomi hapa. Baba mtu akavua kofia, akamwomba kwa adabu arudie kwa sauti, na mchungaji akaandika kwenye daftari. Odessa akajitazama miguuni, akaona vumbi la njiani. Akainama akavifuta viatu vyake kwa kiganja, mbele ya yule mwalimu, akidhani ndilo kosa lake. Akalia mpaka nyumbani.

Ukweli aliusikia mahakamani. Wakili wa upande wa pili alimuuliza baba yake kama alijua kwamba watamkataa mtoto. Akajibu, "Nilijua, bwana. Ndiyo maana nilikwenda." Odessa alikuwa kwenye benchi la nyuma, amevaa viatu vilevile.

Kesi hiyo walishindwa, na baba yake akafukuzwa kazi kiwandani. Wakakata rufaa. Miaka ikapita, mahakama kubwa ikaamua shule zifunguliwe kwa wote. Yeye mwenyewe hakusoma pale hata siku moja. Mdogo wake ndiye aliyeingia.

Nikamuuliza: "Ungeambiwa mapema, ungekwenda?" Akavitazama viatu vyake. Halafu akasema, "Ningekwenda. Ila nisingefuta viatu."

Mama, baba yake simlaumu, na wewe sikulaumu. Mnataka kumwepusha mtoto na uchungu. Lakini mimi nimelia chooni kazini kwa ajili ya kile kiganja. Nenda Kanazi, nimekubali. Jibu unalolijua ndilo hilo hilo tunalolihitaji. Ila mtoto asidanganywe. Na unisamehe kwa kukuzunguka, maana najua sasa hivi umemgeukia msomaji wako.

Nisalimie kaka yangu Fidelisi, umwambie aache kuuza mihogo kabla haijakomaa. Msalimie na shangazi Yusta, mwambie sala zake zinanifikia.

Aneth mwanangu, sasa nasema na wewe. Shamba la Kanazi alililima baba yako, na migomba ile aliipanda kwa mikono yake. Bibi anataka mwende kulidai. Baba yako mkubwa atasema hapana, na huenda akasema kwa ukali. Si kwa sababu yako. Ukiona hutaki kwenda, mwambie bibi leo, hakuna atakayekusema. Ukitaka, mwamkie vizuri baba yako mkubwa, kisha simama wima mpaka katekista amalize kuandika. Viatu vyako viache na vumbi lake.

Ni mimi, mwana wa uliyekaa naye hapo, na mama yako wewe unayesoma,

Domitila