Kibao cha Garimoshi la Baba

Dada Mwajuma,

Salamu kutoka Pemba, nakuandikia nguo zikiwa bado zimelowa. Nimemwona Mzee Faki, yule aliyekuwa akichochea moto kwenye garimoshi la Baba. Anaishi Jadida, macho yamekwisha, lakini sauti yangu aliitambua mara moja. Anasema ni ya Baba.

Mkewe, Bi Time, alituandalia mkate wa mofa na mchuzi wa pweza. Kabla hatujamega, mvua ikashuka, tukakimbilia uani kuokoa karafuu zilizoanikwa majamvini. Niliporudi, mzee amepakata kibao cha shaba chenye namba ya gari lao. Alikifungua kwa mkono wake siku lilipozimwa, wauza vyuma chakavu wasikiibe. Mpaka leo hukisugua kwa ndimu na majivu kila Ijumaa, kama walivyofanya kabla ya safari.

Unawakumbuka wale waliokuja Tabora kuchagua magarimoshi ya kuhifadhiwa? La Baba waliliacha kwa kuwa halikuwa na namba, na bila namba hawakuweza kujua historia yake. Likakatwa vipande tukiliangalia.

Mzee akanipa kibao. "Karudishe mahali pake, mwanangu. Gari lenyewe halijambo?"

Nikamwambia halijambo.

Wakumbatie wanao, na Mzee Faki umtie kwenye dua zako. Kibao nakuja nacho. Nifikirie mahali pa kukiweka, maana hapo pake mimi sipajui.

Mdogo wako,
Shabani