Jina Lako Kwenye Kibao cha Mchina

Mjomba Ramazani,

Sijui nikusalimie vipi. Niseme amahoro, au nianze kwa kuomba radhi? Nina aibu hata kushika kalamu. Mdomo wangu huu, uliokuwa ukiusifu mbele za watu, ulinifanya nishindwe kupita mlangoni kwa mke wako.

Tangu kamio, lile lori la askari, likuchukue pale kwenye cherehani yako, mwaka ule wa sabini na mbili, nyumba yako haikukaa matanga. Nani angethubutu? Mliochukuliwa mliitwa wasaliti, na aliyewalilia alikuwa anajitafutia kamio lake mwenyewe. Tena maiti hatukuiona. Mke wako, Mama Asha, akaendelea kuvaa kanga zake za rangi na kukuwekea sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kila jioni. Akiulizwa anasema, "Iko safarini." Hakuingia eda. Sisi wote tukajifanya tunaamini, na mimi ndiye niliyekuwa nakupigia pasi mashati.

Kisha sinema ikafunguliwa tena. Filamu zako zilezile, Wachina wa mapanga wanaoruka juu ya mapaa, Kichina midomoni mwao na Kifaransa chini ya picha. Mwenye ukumbi akanifuata. "Dada Zaina, nani mwingine atatueleza?" Nilipaswa kukataa, walau kwa heshima ya kiti chako cha mweleza filamu. Loo! Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Macho yako yalikuwa yamechoka, basi mimi nakusomea Kifaransa sikioni na wewe unapaza sauti. Nasoma "nitakuua", wewe unasema, "Ewe mla mali ya yatima, leo upanga huu utakuuliza umeipeleka wapi!" Ukumbi mzima makelele. Siku moja nilikuambia unawadanganya watu, ukacheka mpaka kofia ikaanguka. "Sidanganyi, mutoto. Narudisha hadithi mdomoni kwa msimulizi." Ndipo ukanieleza habari za yule Mchina mwenye duka uliyekuwa ukimshonea suruali Bujumbura, miaka ile ya uhuru. Alikuambia hadithi hizi hazikuzaliwa kwenye sinema. Zilikuwa zikitoka magazetini, kipande kila siku, na mama yake akivikata vipande na kuvishona viwe kitabu. Na zamani zaidi, kabla ya magazeti, kulikuwa na wasimulizi katika nyumba za chai, mtu ananyamaza upanga ungali hewani mpaka bakuli la pesa lipitishwe. Wewe nawe ukaiga, ukawa unanyamaza mpaka uletewe karanga. Ulikuwa mjanja, Mjomba!

Basi nikaeleza kama wewe. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikarudi nyumbani nina furaha ambayo sikuwa na haki nayo. Nikamwomba Mama Asha naye aje asikie. Akakataa, nikamsihi, akaja.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya mwanafunzi anayeshuka mlimani akakuta shule imechomwa na mwalimu wake ameuawa. Anachonga jina kwenye kibao, anapiga magoti, anachoma ubani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwa Wachina wa hadithi hizi, mwili usipopatikana, kibao ndiyo maziko. Kifaransa kilisema tu, "Mwalimu, nimefika." Ilibaki mimi nitaje jina la yule mwalimu wa Kichina. Nikafungua mdomo, na kipaza sauti kikasema: "Huyu ni Ramazani, fundi cherehani wa Rumonge. Amekufa. Amekufa na hatujamzika."

Wallahi sikukusudia.

Picha iliendelea kwenda, hakuna aliyeitazama. Kutoka mabenchi ya wanaume mtu akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mwingine akaitikia. Wavuvi wa Kivu, Wakristo wale, wakafanya ishara ya msalaba. Mwanamke mmoja akataja jina la mwanawe, mzee akataja la kaka yake, na majina yakaanza kutoka kila upande. Mwenye ukumbi akazima mashine, tukabaki gizani, asionekane nani analia. Nikasikia bangili za Mama Asha zikienda mlangoni.

Mke huambiwa msiba na wazee, nyumbani kwake, ameketishwa, maji yako karibu. Mimi msiba wako nimempa kwa kipaza sauti, katikati ya maganda ya karanga. Nimemwingiza eda kwa mdomo wa sinema. Kesho yake alivaa nyeupe, akakaa ndani. Wanawake wa mtaa wakaenda mmojammoja, kimyakimya. Mimi sikwenda. Nilikuwa nazunguka kwa nyuma, njia ya michikichi, nisimwone.

Jana aliniita. Nilikwenda nikitegemea kofi, na ningelipokea. Hakunipiga. Alisema, "Neno hilo nilishindwa kulisema mimi mwenyewe." Nikalia, yeye hakulia. Kisha akauliza, "Yule mwanafunzi, baadaye anafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. "Anashika upanga, Mama. Anawaua wote."

"Weye hapana," akasema. "Weye kaa hapa." Akanisukumia ungo wa mchele wa khitma, nikakaa, nikachambua.

Khitma ni Ijumaa, Mjomba, milango imefungwa na sauti iko chini. Sitaacha kueleza filamu, nisikudanganye, naipenda mno kazi hiyo. Lakini nakuahidi: msiba wa mtu wa kwetu sitautangaza tena kupitia kwa Mchina. Nitakwenda kwa mwenyewe, nikae chini, nimwambie uso kwa uso, hata sauti ikinikatika. Aibu bado ninayo. Ijumaa nitakuja nayo, sina pa kuiacha.

Kwaheri. Nimetafuta namna ya kumaliza bila kuliandika neno waitwalo wafu, nimeshindwa. Basi naliandika, kwa mkono wangu, kwa mara ya kwanza: kwaheri, marehemu Ramazani, mjomba wangu.

Zaina