Kwa Papa Hubert Kubuya, aliyeacha wavu akahamia upande wa kelele

Mwaka umetimia sasa, Papa Michel, tangu ulale usiamke na kutuachia nyumba kimya namna hii. Majirani wa barabara ya Mubi wanasema wamezoea. Sisi hatujazoea.

Mimi Annonciata, bibi yako, ndiye ninasema, na watoto wananisahihisha. Michel, mtoto wetu wa kwanza ambaye kwa jina lake ninakuita, anataka niseme kwanza kwamba ulikuwa mukristu mwema. Basi nimesema. Dorothée anataka niseme kwamba hakuna mgeni aliyepita mlangoni pako bila kupewa ndizi ya kuchoma ao kikombe cha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Hiyo pia ni kweli, ingawa ndizi nilichoma mimi.

Ulikuja kuniomba kule Kingi, kwenye vilima vya Masisi, wewe mtu wa msitu wa Walikale, umebeba mguu mzima wa nguruwe-mwitu uliokaushwa kwa moshi. Baba yangu, ambaye alijua maharagi na viazi tu, alikuuliza una shamba kubwa namna gani. Ukanyoosha mkono upande ambako msitu unaanzia, ukasema: "Ile yote, Papa. Lakini sikuipanda mimi." Alicheka mpaka akashika ubavu, na maneno ya ndoa yakaisha siku ile ile.

Huku kwako wavu wa kuwindia ulikuwa wako. Mwenye wavu anasimama kimya na mkuki, na wanawake, watoto na wazee wanapita vichakani na fimbo, wanapiga kelele ili nyama ikimbilie kwake. Kidari ni chake. Wafukuzaji wanapewa shingo na matumbo. Wewe ulikula kidari tangu ujana, na ulipobatizwa wakati wa vita vya Wazungu, Padri akakupa jina la Hubert, msimamizi wa wawindaji. Ukatangaza kijiji kizima kwamba huyo mtakatifu akae macho kule juu, maana amepata mshindani.

Lakini siku uliyokosa nyama, nani angekusemesha? Ulirudi unawataja vijana waliokaribia kukushinda, mmoja mmoja, na chakula ulikimeza kama dawa.

Halafu macho yakaanza kukuacha. Hukumwambia mtu. Mimi nilijua, kwa sababu siku moja nilikuona unasalimia mgomba na kuuliza habari za watoto.

Katika kiangazi cha mwaka 1951, kitu kikatikisika mbele ya wavu, nawe ukarusha mkuki. Haikuwa nyama. Alikuwa Mama Emérita, jirani yetu, ameinama kuokota uyoga katikati ya kazi, na mkuki ukaingia kwenye kitunga alichobeba mgongoni. Akasimama, akageuka, akakuangalia, akasema polepole: "Papa Hubert, kama ulitaka uyoga, ungesema tu." Watu walianguka chini kwa kicheko. Wewe hukucheka. Ulikaa chini palepale.

Tangu pale ukakaa ndani. Ulimpa Michel wavu, ukageuza kiti kuelekea ukutani. Nikakupeleka Kingi kwa kaka yangu Viateur ubadilishe hewa kidogo. Ulilima mstari mmoja, ukang'oa viazi pamoja na magugu, na Viateur akakushukuru kwa adabu akakunyang'anya jembe. Tukarudi. Ukaanza kusema kwamba wewe si muntu tena, kwamba mwanaume asiye na mkuki ni mzigo kwa bibi yake, kwamba afadhali Mungu akuite. Bugali ulikataa, sombe ya majani ya mihogo ulikataa. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kwenye shati. Niliogopa sana, Papa Michel. Niliona kwamba tutakuzika, na hukuwa na ugonjwa.

Aliyekuja kukutoa ni Emérita yule yule. Alisimama mlangoni na fimbo mbili.

"Papa Hubert, sisi wafukuzaji tunakosa sauti. Weye uko na sauti kubwa, inaozea humu bure. Kuja tupige kelele."

"Mimi? Pamoja na wanamuke?"

"Na watoto. Ao bakia na ukuta wako, lakini ukuta hauna nyama."

Ulimfukuza. Kesho yake alirudi, ukamfukuza tena. Mara iliyofuata aliegemeza fimbo moja mlangoni akaenda zake. Mimi nilikuwa namenya mihogo nyuma ya nyumba, nikasikia kiti kinasogea, na sikuthubutu kugeuka. Nilipokuja mbele, fimbo haikuwapo tena.

Dorothée, aliyekuwa vichakani siku ile, anasimulia kwamba mwanzoni ulikuwa unakohoa tu kwa haya. Kisha mboloko, yule swala mdogo wa msitu, akachomoka karibu na miguu yako, nawe ukapiga ukelele ambao Michel anaapa kwamba nusura yeye mwenyewe aingie wavuni. Mboloko aliingia. Wanawake walikupigia vigelegele.

Ulirudi nyumbani na shingo kwenye jani. Ulisimama nayo mikononi, ukanitazama uso uone kama nitaona haya. "Mama Michel, hii njo sehemu yangu sasa." Nikaipokea, nikaipika na mawese. Ukala mpaka ukanyonya mfupa, ndipo ukasema: "Kidari nilikula siku zote nikiwaza nani atakinyanganya kesho. Hii hakuna muntu anaitaka. Njo maana iko tamu."

Miaka iliyofuata ndiyo niliyopata mume wa kuongea naye. Ulimwacha Michel aweke wavu kwa namna yake, hata alipokosea. Miguu ilipochoka, ulipiga kelele ukiwa barazani, na mbuzi za majirani zikakimbia. Sauti nayo ilipoisha, ulifungua kinywa, ukasikia upepo tu unatoka, ukacheka mpaka machozi.

Mwaka huu ni zamu yangu. Magoti yamekataa shamba la mpunga, na Dorothée amenitoa jembe mkononi kwa upole. Nililia mchana mzima, nakuambia wazi. Kesho yake nikamwomba kazi ya kufukuza ndege, ile ya wazee na watoto. Nikakaa pembeni ya mpunga, ndege wakashuka, nikafungua kinywa. Papa Michel, sijui ile sauti ilitoka wapi. Dorothée aliinua kichwa kutoka kwenye kulima. "Mama," akasema, "Papa njo alikuwa anapiga vile." Nikapiga tena.

Tunaokukumbuka ni mimi Annonciata, mwana wako Michel na bibi yake Geneviève, binti yako Dorothée na mume wake, wajukuu wote, shemeji yako Viateur wa Kingi, na Mama Emérita, ambaye si ndugu lakini amekataa kuachwa nje. Hatutakusahau, Papa Hubert, na kadiri tunavyozeeka ndivyo tutakukumbuka zaidi.