Kusikiliza Gurudumu

Jumanne, 4 Machi 1997

Nimepima wajawazito tangu asubuhi, mgongo unauma. Mchana Kasulu kufuata chanjo. Landrova ya zahanati imelia njia nzima. Mbele, chini. Mngurumo wa jiwe la kusagia, na mwendo ukiongezeka nao unaongezeka. Nikikanyaga breki, yowe, na gari linavuta kushoto. Tangu dereva wetu akimbilie kazi za kambi za wakimbizi Kibondo, mimi ndiye mkunga na mimi ndiye dereva. Hakuna aliyenishukuru kwa lolote kati ya hayo mawili.

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Bwana Filimoni, amekuja na mgeni kutoka Manyovu. Mgeni anataka kununua gari. Amelizunguka na kulibonyezabonyeza kama mbuzi wa mnadani. Mwenyekiti anasema linatutia aibu, likipita watu wanadhani mashine ya kusaga imehama. Watu wamecheka. Mimi sikucheka. Kamati itakaa Jumatano ijayo. Likiwa bado linalia, linauzwa.

Likiuzwa, mama anayekwama na uchungu atarudi kubebwa kwa machela. Kutoka hapa Makere mpaka hospitali Kasulu, mabegani mwa wanaume. Tereza alifia hivyo kabla hatujapata gari, mkono wake ndani ya mkono wangu. Sitaki tena. Nina hasira mpaka ugali nimeuacha sahanini.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa fundi Kasimu, Kasulu. Ndiye aliyetufanyia sevisi Januari. Hakulisikiliza hata dakika moja. "Linavuta kushoto, basi ubovu uko kushoto, mama nesi." Amebadilisha breki shuu za kushoto, akafuta mikono, akaniaga. Sijamaliza hata kutoka mjini, jiwe la kusagia lile lile. Yowe lile lile. Debe tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nafua. Nikawaza: mtu akichechemea, mguu anaoukanyagia kwa nguvu ndio mzima. Mbovu ni ule anaouhurumia. Sasa gari likivuta kushoto nikifunga breki, si labda kushoto ndiko kunakoshika, na kulia hakushiki?

Nimeacha nguo kwenye beseni, nikatoka na gari. Kona ya kushoto, uzito unaegemea kulia, mngurumo unapanda. Kona ya kulia, unapungua. Nimerudia mara nne. Wachunga mbuzi walisimama kunitazama, nadhani waliniona nimerukwa na akili. Na nikigusa breki, yowe linakuja lakini mngurumo haubadiliki. Kumbe ni vilio viwili.

Jumapili, 9 Machi

Sijaenda kanisani. Mungu atanisamehe, Mwenyekiti hatanisamehe.

Mzee Yohana, mlinzi wetu, amepiga jeki. Nimechukua kipembe changu cha mbao, kile ninachokiweka kwenye tumbo la mama kusikia moyo wa mtoto. Nimekiweka kwenye ekseli, nyuma ya gurudumu, sikio langu juu yake, Yohana akazungusha. Kushoto shwari. Kulia kokoto. Nikampa Yohana naye asikilize. Alifumba macho, akasema kwa Kiha chake, "Ego, ndiyo. Mtoto huyu ana meno."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Tumeshika gurudumu juu na chini, tukalitikisa. Linacheza. Ni beringi ya kulia, naweza kuapa.

Jumatatu, 10 Machi

Kasulu, polepole. Nimesimama mbele ya gereji nikasikia harufu ya maharage ya kuungwa. Njaa ikaniuma. Nikamtafuta mama lishe kwa macho, hayupo. Nikainama. Harufu inatoka kwenye gurudumu la kulia, na lina moto halishikiki.

Nimemwambia Kasimu afungue hili. Amebisha. Nimechukua spana mwenyewe. Hapo akafungua.

Mawese. Beringi ilipakwa mawese. Yameyeyuka kwa joto, yamepenya mpaka kwenye breki shuu. Ndiyo maana beringi imelika ikanguruma, na breki ya kulia ikapiga yowe bila kushika. Vilio viwili, mzazi mmoja.

Kasimu akakiri. Januari grisi ilimtosha kwa gurudumu la kushoto tu, lori la kuileta kutoka Kigoma lilikuwa limekwama kwenye matope. "Nikasema mafuta ni mafuta, mama nesi. Jikoni hayajawahi kutuangusha." Nimemwambia mficha uchi hazai, angesema Alhamisi tungekuwa tumeshamaliza. Nilitaka kumsema zaidi lakini furaha ilinizidi.

Beringi Kasulu haipo. Gari nimeliacha kwake, nimerudi kwa lori la mihogo.

Jumanne, 11 Machi

Kasimu amepita hapa amedandia lori la chakula cha wakimbizi, anakwenda Kibondo kutafuta beringi. Vipuri vyote vimehamia huko pamoja na dereva wetu. Nimetazama barabara siku nzima. Jioni, hakuna habari. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Kikao saa nne. Mgeni wa Manyovu amekuja na kofia mpya. Mwenyekiti amefungua kwa sala, kisha akasema gari lenyewe halipo, kwa hiyo hata la kusikiliza hatuna. Wanaotaka liuzwe wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda. Yangu niliibana mapajani.

Mzee Yohana akachungulia mlangoni. "Mama nesi, gari lako liko hapa nje."

Hakuna aliyelisikia likifika. Wajumbe wote, madirisha wazi. Kasimu kwenye usukani, matope mpaka kwenye nyusi. Beringi mpya, grisi ya kweli, breki shuu mpya za kulia.

Nimempakia Mwenyekiti mbele, mgeni nyuma. Mteremko wa mtoni, kona ya kushoto, breki. Mwenyekiti alikuwa amekunja shingo anangoja yowe. Halikuja. Gari likasimama limenyooka. Akanyoosha shingo, akasema, "Mashine imehama kweli." Mgeni akauliza kama zahanati ina baiskeli ya kuuza.

Kura imepigwa upya. Hakuna mkono. Nimeshinda. Naandika tena nijisomee: nimeshinda.

Ijumaa, 14 Machi

Adelina, uzazi wa kwanza, amekwama tangu alfajiri. Nimemlaza nyuma, mama yake amemshika. Mvua nyepesi. Siku zote njia hii nilikuwa nasimama kila mara, nazima gari, ndipo nimsikie mgonjwa. Leo sikusimama. Nilisikia kila pumzi yake, na mama yake akimwimbia kwa Kiha, taratibu, mpaka geti la hospitali.

Msichana. Wote wazima.

Nimerudi peke yangu. Nimeosha kipembe kwa sabuni, mara ya tatu wiki hii. Bado kinanukia mawese kidogo. Nimekianika dirishani.