Baraza la Mvule Ulilolichelewesha

Baba,

Hukuwahi kuiamini posta. Ulisema bahasha iliyofungwa kwa mate hufunguliwa kwa mate, na hakuna karani asiye na mate. Kwa hiyo barua hii siipeleki popote. Naiandika hapa hapa nyumbani Dunga, nimeketi juu ya mbao zako za mvule, na nikimaliza nitaisoma kwa sauti kando ya kaburi lako, kwa kuwa nina neno ambalo nimechelewa kukwambia.

Lakini wewe hukupenda mtu aingie kwenye neno moja kwa moja. Mgeni aliyefanya hivyo ulimshuku. Basi acha nianzie mbali.

Unaikumbuka yadi ya mbao kule Kibuye? Ilikuwa miaka ya themanini, mimi bado niko shule ya msingi, na Jumamosi ulinichukua nikubebee futi kamba. Mafundi wenzako wa boti walichagua mbao kwa nusu saa. Wewe ulimaliza asubuhi nzima. Uligonga kila ubao kwa fundo la kidole, ukatega sikio, ukaukwaruza kwa ukucha, ukaunusa, halafu, mbele za watu, ukaulamba. Siku moja muuzaji alichoka nawe.

"Mzee, kwani unanunua mbao ama unaoa?"

Hukucheka. "Kuoa ni rahisi. Bibi anaongea. Hii mbao yako imenyamaza tu."

Niliona aibu siku ile, nikajifanya simjui mwanamume mwenye ulimi kwenye ubao. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, mama wa watoto watatu, na siwezi kununua nyanya bila kuigeuza mara tatu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kisha lile kabati. Mama alilitamani kwa ajili ya sahani zake, akalinunua mjini bila kukuuliza. Lilikuwa la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likachorwa mistari ya kahawia ili lifanane na mti. Mvua ndefu zilipokuja likavimba kama andazi, mlango ukakataa kufunga, na chini likaanza kumwaga unga. Ulilibeba ukaliweka langoni, likakaa pale mpaka mwaka ukaisha ili kila apitaye alione. Mama alikununia wiki mbili. Tangu hapo ubao wowote ambao haukutoka kwenye gogo ulivyo ulikuwa adui wa nyumba hii.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Mama alikatwa mguu. Sukari ilianza na kidole, ikaishia chini ya goti. Alirudi kutoka hospitali na magongo mawili, akaingia chumbani, na hakutoka. Yule yule ambaye sauti yake ilifika ufukweni kabla yake, aliyewatania wavuvi mpaka wakamwongezea samaki, sasa alikaa nyuma ya pazia akitazama mabati. Niliogopa, Baba. Niliona tunamzika akiwa hai.

Mimi niliona tatizo ni udongo. Wetu mweusi huu, ikinyesha kidogo tu unashika kiatu, na magongo yalizama kama kijiko ndani ya uji. Nikafikiri tumjengee baraza la mbao, liinuliwe juu ya nguzo, kutoka mlangoni hadi pale ambapo ziwa linaonekana. Aketi nje, asalimiwe, abishane na watu kama zamani. Ningeleta fundi wiki hiyo hiyo. Lakini tunaijua desturi: binti aliyeolewa hachimbi shimo la nguzo katika boma la baba yake. Nguzo ya kwanza ni ya mwenye boma. Kwa hiyo kila kitu kilikungoja wewe.

Nikakuletea yule bwana mwenye tai, binamu ya mwalimu mwenzangu. Alikuwa na kipande cha ubao mpya kutoka ng'ambo, unga wa mbao uliopikwa pamoja na plastiki. Ulimkalisha juani na wewe ukakaa kivulini.

"Mzee, hii haiozi," alisema. "Haitaki vanishi. Hata mchwa hawaigusi."

"Hawaigusi?"

"Kabisa."

"Na umewauliza ni kwa nini?"

Bwana yule alinitazama, nami nikatazama kuku. Uliinusa sampuli yake mbele na nyuma. "Haina harufu," ukasema. "Nyathina, mtoto wangu, kitu kisicho na harufu kinaficha nini?" Akajaribu kukueleza jinsi ya kuipigilia, kwamba kati ya ubao na ubao uache nafasi ya unene wa msumari. Hapo ndipo alipojimaliza. Alipoondoka ulisema, "Mtu anakuuzia sakafu, halafu anakuambia uiache na mashimo. Huyo mwizi, donge? Si ndiyo?"

Hata hivyo hukumkatalia. Ulifunga kipande chake na kipande cha mvule kwa kamba moja, ukavizamisha pale unapofunga boti, kama ulivyozoea kupima mbao za boti. Vikae miezi mitatu, ulisema. Kila Jumapili nilikuja, na kila Jumapili ulisema bado. Mwishowe ulivitoa, vyote viwili vizima kabisa, nami nikafurahi nikakwambia basi uchague chochote.

"Vyote vizima?" ukauliza. "Hapo ndipo kuna shida."

Mvule ukashinda, lakini mvule wenyewe ulikuwa umeanza kuadimika. Ulisafiri hadi Port Victoria ukarudi mikono mitupu, eti walikuonyesha mti mwingine uliopakwa majani ya chai. Ukaenda Katito kwa mzee mmoja mwenye gogo zuri, ukalikataa kwa sababu mti ule ulianguka wenyewe. "Mti unaanguka bila upepo? Huo uko na siri." Mwaka ukapita. Mama yu ndani, pazia limefungwa.

Ndipo mashaka uliyonirithisha yalipokugeukia wewe mwenyewe. Nikaanza kukunusa, Baba. Wanawake wa ufukweni walipokuja kumjulia hali Mama, uliwasimamisha langoni na kusema amelala, ilhali nilimsikia akikohoa. Mchungaji alipotaka kuja na waumini kumwombea, ulimwambia aombee kanisani, Mungu anasikia kutoka huko. Pazia lilikuwa jepesi, ukaleta zito. Nilijumlisha moja na moja. Huyu mzee, nikajiambia, hatafuti mbao. Mke wake ana mguu mmoja, na hataki watu wamwone.

Nilikufuata bandani kwako, ukiwa umeinamia boti ya mtu, nikakwambia usoni. "Baba, unamwonea Mama aibu."

Randa yako ilisimama. Ulipuliza maranda, ukapitisha kiganja juu ya ubao, ukaupitisha tena. Nilitaka unifokee, unitukane, unifukuze. Ulisema tu, "Fikiria unavyofikiria, nyathina," na randa ikaendelea. Kwangu mimi huko kulikuwa ni kukiri.

Mwezi uliofuata mvule ukapatikana. Ghafla tu! Kwa muuzaji yule yule wa Kibuye uliyekuwa ukimwita mwongo. Nikajua nimekuumiza mahali panapostahili, na nikajipongeza. Ulisimamisha nguzo ya kwanza alfajiri, ukajenga peke yako wiki mbili, na hukutaka fundi yeyote akukaribie.

Na ulivyojenga, Baba! Ukiona vyaelea, vimeundwa, na wewe uliviunda maisha yako yote, kwa hiyo mikono yako haikujua kazi nyingine. Ulipigilia mbao zikakutana bila kuacha nafasi hata ya unywele. Ukaziba kila mshono kwa pamba iliyochovywa lami. Ukaweka ukingo pande zote, gongo la Mama lisije likateleza nje. Tone la maji lisingepita pale. Ulisimama kando ukatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mwaka mzima.

Mvua ilinyesha alasiri hiyo hiyo, na baraza likajaa. Boti huzuia maji yasiingie, wewe uliyazuia yasitoke. Ulikunja suruali ukaingia na mkebe, unachota, unamwaga, unachota. Wanawake wauza omena, wale dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wakirudi kutoka ufukweni na mabeseni yao kichwani, wakasimama kwenye ua, wakakuita baba wa Akinyi, kwa jina langu.

"Yawa! Wuon Akinyi amejenga boti ya kuzama nyumbani!"

"Mzee, hii inaenda Uganda ama inarudi?"

Nilikuwa jikoni, nikatoka mbio kukuokoa. Lakini kabla sijafika nilisikia kicheko kutoka chumbani, kicheko ambacho nilidhani kimekatwa pamoja na ule mguu. Pazia lilisogea. Mama akatokea mlangoni na magongo yake, khanga imepinda, akakutazama ulivyolowa.

"Wuon Akinyi, kwani nauli ni ngapi?"

Wanawake walimwona jinsi alivyo, nao walitazama mguu usiokuwepo. Kisha mmoja wao akatua beseni lake chini. "Min Akinyi, umetuacha tukiongea peke yetu mwaka mzima. Songa, tupande." Wakapanda wote na matope yao, majini hivyo hivyo, na kelele yao ilisikika hadi barabarani.

Kesho yake ulichukua kisu ukatoa pamba yote, mshono baada ya mshono, kisha ukang'oa ubao mmoja wa pembeni na kuzisogeza nyingine, ukiacha kati yake unene wa msumari. Hukumtaja yule bwana mwenye tai, nami nilikustahi, sikumtaja.

Ulituacha miaka miwili baadaye. Nililia kama watoto wote wanavyolilia baba zao, lakini ndani nilikuwa na jiwe. Nilikuzika nikiamini kwamba ulimfungia mke wako ndani kwa aibu, na kwamba ni mimi niliyekulazimisha kumtoa.

Mwezi uliopita ubao mmoja karibu na ngazi ulioza. Hata mvule una upande laini, ulijua. Nikamwambia Mama kwamba safari hii nitatafuta ile mbao ya plastiki, iwe na harufu ama isiwe nayo, angalau hatutangoja mwaka mzima kwa sababu ya aibu ya mtu.

"Aibu ya nani?" aliuliza.

Nikamwambia. Yote, na yale niliyokwambia bandani. Mama alikuwa anachambua mboga, akaacha.

"Aibu ilikuwa yangu," alisema. "Mimi ndio nilimwambia asinitoe. Kila mtu pale beach alinijua nikitembea. Nilimwambia, sema mbao ni mbaya, sema chochote, lakini watoto wasijue ni mimi naogopa. Hata hao wanawake, ni mimi nilikuwa nakataa. Akaniapia. Alikuwa ananiuliza kila mwezi, 'Uko tayari?' Nikisema bado, anatafuta kosa lingine kwa mbao."

Nilimuuliza kama alijua nilichokwambia siku ile.

"Alikuja akaniambia hiyo jioni. Alisema, 'Akinyi anadhani ni mimi.' Nikamuuliza, na wewe umemjibu aje? Akasema, 'Nimemwacha adhani.' Nililia sana. Ndio nikamwambia, basi jenga."

Mimi niliyejiona mjanja, Baba! Nilimshuku kila mtu, mwenye tai, muuzaji wa Kibuye, wewe. Haikunijia hata siku moja kumshuku mtu kwamba anaficha wema. Hukunifundisha hilo, au ulinifundisha nikawa sisikii. Nina hasira nawe pia, niseme ukweli. Neno moja tu lingenitosha, nami ningelitunza. Lakini ulikuwa umeapa, na kiapo kwa mkeo kilikuwa kizito kuliko jina lako mbele ya mtoto wako.

Naomba unisamehe. Nakuomba nikiwa nimechelewa, na najua kwa marehemu mtu hapewi jibu. Kinachoniumiza zaidi ni hizo Jumapili za miaka miwili. Nilikuwa nakusalimu kwa baridi, nakaa na Mama, naondoka. Na kila Jumapili uliinuka ukachukua kofia yako, ukanisindikiza mpaka barabarani, ukasimama pale na mtu aliyekufikiria vibaya mpaka gari lake lije.

Pumzika, Baba. Kesho nakuja na barua hii mkononi, na Mama amesema tunakwenda wote wawili.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza