Nimetoboa Mashua ya Baba Mkwe

Jumapili, Nyansiongo. Asubuhi jua, adhuhuri mawingu, alasiri mvua. Kama jana, kama juzi. Sasa imekatika, nami nimekaa jikoni, nguo zinanuka moshi, na mawazo yangu bado yanaelea huko bwawani.

Bwawa lenyewe lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba hili zamani. Siku hizi ng'ombe wetu hunywa humo. Ukingoni kuna mashua ndogo ya alumini, na wageni wakiiona hucheka, maana sisi ni watu wa chai na mahindi, samaki wetu huletwa na pikipiki. Ni ya baba mkwe. Alikuwa dereva wa lori kule Naivasha, penye ziwa, na alipostaafu alirudi nayo juu ya mizigo badala ya kochi ambalo mama mkwe alikuwa akilisubiri. Hilo kochi linatajwa mpaka leo.

Tangu niolewe hapa, kila asubuhi nimekuwa nikichuja maziwa huku nikimtazama akipiga kasia ndani ya ukungu. Haendi popote. Anazunguka polepole, anapotea, anatokea tena, anarudi. Sijawahi kuipanda mashua hiyo, wala kuuliza. Lakini siku isiyo na mashua majini naiona kama siku ambayo haijaanza.

Shida ni mvua. Kila alasiri inaijaza, na maji yale yanatulia humo na mawingu yake kama kijibwawa kingine. Asubuhi lazima uilaze ubavu uyamwage. Alikuwa akiweza. Tangu ateleze zizini akaumia nyonga, hawezi.

Mimi naweza. Nikaanza kuimwaga kabla hajaamka. Akafika, akaikuta kavu, akasimama kidogo na fimbo yake, akarudi nyumbani bila kuipanda. Kesho yake vivyo hivyo. Nilimwelewa, na iliniuma. Hataki kutayarishiwa kama mtoto anayeogeshwa, tena na mke wa mwanawe.

Kwetu baba mkwe na mkaza mwana hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja. Ni heshima, na yeye anaishika kweli kweli. Ila tuna simu. Yeye akiwa sebuleni na mimi jikoni, tunapigiana na kuongea kama marafiki. Tena kwa Kiswahili, kwa sababu Ekegusii, lugha ya kwetu, kinakumbuka mno nani ni nani. Mume wangu, aliye Nairobi kikazi, anasema sisi ni vichekesho.

Ni kwa simu hiyo hiyo aliniambia, wiki iliyopita, kwamba amemwita mtu wa vyuma vikuukuu kutoka Kisii. Anakuja kesho. Mashua itayeyushwa iwe sufuria.

Sufuria!

Nilitafuta kwenye mtandao nikaona video za watu wa mbali wakitoboa mashua zao kwa nyuma, chini kabisa, na kuweka kizibo. Nchi kavu unakifungua, maji yanatoka yenyewe. Majini unakifunga. Hakuna wa kuinua kitu. Nilipomweleza mama mkwe, alikuwa anachambua maharagwe na hata hakuinua kichwa.

"Toboa," akasema. "Akiuliza, mwambie hiyo ni ya kochi."

Basi leo, baba mkwe alipokwenda mkutano wa wafugaji, niliazima drili ya fundi anayetufungia mitaro ya bati. Nilikuwa nimenunua Kisii koneksheni ya tangi la maji, ile yenye washa, yaani pete, za mpira na kifuniko cha kuzungusha. Mashua ambayo haijawahi kuvuja hata tone, na mimi naitia tundu kwa makusudi! Vumbi la alumini likaanguka nyasini likimetameta. Kabla ya kufunga koneksheni nilichungulia. Katika kile kiduara niliona maji, ng'ombe mmoja, na kipande cha mbingu, na nikasahau kwa muda kwamba nilikuwa naogopa.

Nikapaka silikoni, nikakaza, nikafunga kizibo ili mvua yenyewe ije iijaribu. Kisha, kabla ujasiri haujaniishia, nikamwandikia baba mkwe, ninayemwita Tata, ujumbe: Tata, nimetoboa.

Jibu likaja mara moja. Bwana asifiwe!! Shule gani?

Siku hizi kutoboa ni kufanikiwa. Nami nimekuwa nikiomba kazi ya ualimu tangu binti yangu Moraa azaliwe. Nyumba nzima inaniombea. Baba mkwe aliutangazia mkutano wote, na mvua ilipokatika akaingia uani kaloa chapachapa, amebeba mkate na soda, anaimba wimbo wa kanisani.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikampigia nikiwa hapa jikoni. "Tata, si kazi. Ni boti. Nimetoboa boti."

"Boti yangu?"

"Ndiyo, Tata. Nimeiwekea kizibo, uimwage mwenyewe."

Nikasikia mlango, halafu fimbo, halafu viatu vya mpira kwenye tope. Simu hakuikata. Alikuwa ameitia mfukoni tu, nami nikabaki nimeibana sikioni, nikitembea naye bila kutembea. Alikuwa anahema. Akasimama. Hapo nilijuta kila kitu, drili, video, na ulimi wa mama mkwe.

Kisha kizibo kikalia kikifunguliwa, na maji yakaanza kutoka.

Yalitoka kwa muda mrefu. Yeye alisubiri, mimi nilisubiri, chai ikachemka ikamwagika na sikuinuka. Kizibo kikalia tena kikifungwa. Mashua ikakwaruza mteremko, ikanyamaza. Na baadaye kidogo nikasikia kitu nilichokuwa nimekikosa hata sikujua nimekikosa kiasi gani: kasia likigonga alumini.

Nililia, nakiri.

"Mama Moraa," sauti ikaja, karibu kabisa. "Bado uko?"

Kumbe alijua. "Niko, Tata."

"Haivuji." Maji yakapiga ubavu wa mashua. "Yule wa vyuma nitamwambia asije. Na hiyo soda tutakunywa tu."

Akakata.

Kazi sina bado. Hilo halijabadilika, na wiki hii nitalazimika kuwaeleza wanakijiji wanaokuja kunipongeza. Lakini giza lilipoanza kuingia nilifungua mlango wa jikoni nimwage majani ya chai, nikakuta kitu kwenye kizingiti. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeita.

Kizibo, bado kimelowa.

Bila kizibo hiki, mashua haiendi popote, na Tata ameniachia mimi. Nimekitia mfukoni mwa aproni na mara kwa mara nakigusa. Kesho maziwa atachuja mama mkwe. Mimi nitakuwa kwenye ukungu, mashuani.