Sanamu ya Rudewa Haikuibwa

Mabwerebwere,
Kilosa.
12 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Teresia,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ya Arizona imenifikia. Hujambo na joto la huko? Mimi miguu imevimba na moyo umechoka, lakini wiki hii nalala vizuri.

Nianze na nililolificha miaka arobaini na minne: sanamu ya Mama Maria ya kanisa letu la Rudewa haikuibwa. Niliivunja mimi.

Kurasa za kitabu chako kuhusu gofu la misheni ya Wahispania nilisomewa na mjukuu wangu Happiness. Waodham, wenyeji wa huko, ndio waliofyatua matofali yale ya udongo. Walipobaki bila padre waliendelea kusali peke yao, na siku ya kuhama wakabeba sanamu za watakatifu hadi kanisa jingine. Hapo nikamwambia Happiness anyamaze kidogo.

Shamba la mkonge lilipofungwa, kanisa letu nalo likawa gofu. Mimi katekista niliifunga sanamu kwenye keria ya baiskeli kwa kamba ya katani, niilete Kilosa bila kumwambia mtu. Kwenye kuvuka reli ikaanguka, kichwa kikapasuka. Nikaona aibu, nikafukia vipande. Waumini walipoikosa, walisema imeibwa, nami nikaitikia. Lawama ikamwangukia mlinzi wa kanisa, Alfred, akatengwa na kigango.

Wewe nawe, kwenye kurasa za Rudewa, umemwandika kuwa mwizi. Tafadhali lifute jina lake kabla kurasa hazijachapwa.

Jumapili nilisimama kanisani, mke wangu Magdalena amenishika mkono, nikasema. Jioni Alfred akaja na fimbo yake.

"Mwalimu, ni ile baiskeli yako isiyo na breki?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Basi Mama Maria alikuvumilia mno!"

Tulicheka mpaka nikapaliwa na chai. Sijacheka hivyo tangu ujana.

Magdalena, Happiness, na binamu yako Vitalis wa Mikumi wanakusalimu. Mungu akutunze na akurudishe salama, hata kama hutanikuta.

Limebaki moja, ambalo kanisani sikulisema. Barua ya kumtenga Alfred niliiandika mimi. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Jumapili ile jioni, alipokuwa anaaga, aliniambia kwamba hiyo ndiyo barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe maishani, na mwandiko aliutambua palepale.

Mjomba wako akupendaye siku zote,
Cleopa